Darsa ya Ramadhani, siku ya 12: Punda afe, mzigo ufike?



Jana baada ya tarawehe nilipata ujumbe. Nimemwomba mwenyewe ruhusa niujibu hapa bila kumtaja, akakubali. Ameandika: "Ustadh, mtaani kwetu kuna watu wanafuturu kwa uji mtupu, na nyie vijana wa msikiti mnawatuma wakakate majani ya punda. Hivi hilo liko wapi kwenye dini?"

Swali zuri. Mimi ni mwalimu, na siku zote nimempenda mwanafunzi anayeuliza kwa hasira kuliko anayenyamaza kwa adabu. Nitamjibu. Ila sitaanzia kwenye fiqhi, nitaanzia kwangu, kwa sababu katika kisa hiki wa kwanza kuulizwa ni mimi.

Mnakumbuka Mfunguo Nane tulipokuwa tunajenga ile sehemu ya kutawadhia. Mvua za vuli ziliharibu njia, lori la mchanga likashindwa kufika, dereva akamwaga mzigo kule barabarani akaondoka zake. Fundi analipwa kwa siku, saruji iko ndani inasubiri. Tukakodi mkokoteni wa punda. Bei ilikuwa kwa tripu, si kwa siku, kwa hiyo kila aliyekuwepo akawa na hamu tripu ziwe chache na mzigo uwe mkubwa. Mimi nikasimama mlangoni, nikapiga makofi, nikasema kwa sauti: "Jamani, leo punda afe, mzigo ufike!" Watu wakacheka. Ni msemo wetu, tunausema kwenye harusi, kwenye mitihani, kwenye mpira. Siku ile punda alikuwepo, amesimama pale pale mbele yangu.

Hebu tufanye hesabu ya darasa la nne. Mwenye mkokoteni alizoea kubeba maji: madebe 12 kwa tripu. Debe la maji ya lita 20 ni kilo 20, kwa hiyo kilo 240. Sisi tukamwambia, "Weka madebe 12 kama kawaida yako." Lakini debe la mchanga si debe la maji. Mchanga mkavu debe lake linapita kilo 30, na ule ulikuwa umelowa. Zidisha mwenyewe. Na punda wetu hawa wa nchini ni wadogo, wengi uzito wao hauzidi sana kilo 150. Mzigo ule juu ya njia ya matope. Hakuna aliyetaka kumtesa mnyama siku ile. Tulikuwa tunajenga nyumba ya Allah. Tulikosea kuhesabu kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyeona kuna haja ya kuhesabu.

Kisha ikaadhiniwa Adhuhuri. Tukaingia, tukaswali jamaa, tukaleta nyiradi, nikatoa na mawaidha mafupi. Punda alibaki nje kwenye jua, amefungwa, mzigo juu. Nimesoma Abu Daud tangu nikiwa kijana, na ndani yake imo riwaya ya Anas bin Malik, Allah amridhie, anaeleza desturi yao Maswahaba safarini: wakifika kituoni hawakuwa wakishika swala mpaka kwanza wawe wamewashusha wanyama mizigo yao. Nimeifundisha riwaya hiyo. Nimewahi kuitungia swali la mtihani wa madrasa! Siku ile haikunijia kabisa.

Wiki kama tatu baadaye mtoto mmoja wa madrasa, wa miaka tisa hivi, akaniambia baada ya darsa: "Ustadh, yule punda aliyetuletea mchanga amelala chini ya mkorosho, kunguru wanamdonoa." Ni upande wa Kisarawe, ukishavuka Kiluvya. Nilimwambia, "Sawa, tutaangalia." Nikapitisha siku mbili. Siku ya tatu akanikumbusha. Niliona haya kwa mtoto kabla sijaona huruma kwa punda, nakiri.

Nilimkuta amesimama, si amelala, ila kusimama kwenyewe kulikuwa kwa taabu. Mbavu zinahesabika. Pale mabega yanapokutana, nyuma ya shingo, kidonda cha ukubwa wa kiganja, kina funza. Pembe za mdomo zimechanika kwa waya. Kwato zimekua mpaka zimejikunja mbele kama makubazi yaliyochakaa. Nilipomkaribia alilaza masikio nyuma, akageuza makalio, akarusha teke likachukua ndoo niliyoshika. Kijana niliyekwenda naye akasema, "Si unaona Ustadh, shukrani ya punda mateke." Nikamuuliza, shukrani ya nini? Tumempa nini?

Mwenye punda namsitiri. Ni baba wa watoto, ni jirani yetu, na wengi mkimjua mtaanza kumnyooshea kidole, na mimi nimeshawaambia nani aliyepiga makofi mlangoni. Nilipomfuata nyumbani alisema neno moja tu la kujitetea: hela ya dawa hana, na kumtazama akifa hakuweza, ndiyo maana akamfungua akamwacha aende. Punda yule ndiye aliyekuwa jiko lake.

Hapa naingia kwenye fiqhi kidogo. Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wameiweka nafaka ya mnyama katika mlango ule ule wa nafaka ya mke, watoto na wazazi. Ni wajibu. Mwenye mnyama akishindwa kumlisha, kadhi anaweza kumlazimisha: amlishe, au amuuze kwa atakayemlisha, au kama ni mnyama wa kuliwa, amchinje. Punda wa kufugwa haliwi, Mtume (s.a.w.) alikataza nyama yake siku ya Khaibar. Kwa hiyo njia zinabaki mbili. Kumfungua kamba aende akafie porini si mojawapo. Na kama mwenyewe hana uwezo kabisa, jukumu halipotei hewani. Linatuangukia sisi tuliobaki, tunaoona.

Basi tukamleta nyuma ya nyumba yangu. Kilomita zile chache zilichukua kutwa nzima, kwa kupumzika kila kivuli.

*Siku za kwanza.* Usiku wa kwanza tulikaribia kumuua kwa huruma. Jirani mmoja, mwenye moyo mzuri, alileta ndoo nzima ya pumba za mahindi. Punda akala kama moto unavyokula nyasi kavu. Saa sita usiku tumbo linamsokota, anajilaza, anainuka, anajitazama ubavu, anatoka jasho. Daktari wa mifugo alikuja asubuhi, akamtibu, kisha akatukalisha chini. Akasema mwili uliokaa na njaa muda mrefu umeshajibadilisha, unaishi kwa kujila wenyewe. Ukiupa ghafla chakula kizito chenye wanga, madini yaliyomo kwenye damu yanakimbilia ndani ya chembe za mwili, damu inabaki bila kitu, moyo unaweza kusimama. Ndivyo inavyokuwa hata kwa binadamu waliotoka kwenye njaa kali. Hatari yenyewe haiji usiku ule ule, inaweza kuja siku ya tatu, ya nne, wakati nyinyi mmeshaanza kufurahi kwamba amepona.

Kwa hiyo: majani makavu, kidogo, kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Mabua ya mpunga kutoka bonde la Ruvu, ukoka, maji safi. Hakuna pumba, hakuna mahindi. Tuliweka zamu. Zamu ya saa tisa usiku niliichukua mimi, na nitasema kweli, katika Rajabu yote ile, mara nyingi kilichoniamsha kwa tahajudi hakikuwa taqwa, kilikuwa ni punda. Nampa majani, natawadha, naswali rakaa mbili, nakuta amemaliza.

Daktari alichukua damu kuangalia ugonjwa wa ndorobo, maana vichaka vyetu vya Pwani vina mbung'o. Alhamdulillahi damu ilikuwa safi. Alimchoma sindano ya kuzuia pepopunda. Ugonjwa huu hata kwa jina umembeba punda ndani yake, na kweli punda na farasi hushikwa nao kirahisi kuliko ng'ombe. Vijidudu vyake vinakaa kwenye udongo na kwenye kinyesi. Nyinyi vijana mnaosafisha banda, mwenye kidonda mguuni asiingie peku, na ambaye hajachanja muda mrefu aende zahanati akaulize. Kidonda kilisafishwa kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, kila siku, funza wakatolewa mmoja mmoja. Oili chafu ya gari, ambayo watu watatu tofauti walinishauri nimpake, tuliikataa. Kwato hazikukatwa kwa siku moja. Zilipunguzwa kidogo kidogo kwa tupa, wiki kadhaa, kwa sababu mishipa na mifupa ya mguu ilishazoea ule upindo, na ukiunyoosha ghafla unamuumiza upya.

Daktari alinisahihisha na jambo jingine. Mimi nilidhani kidonda cha bega ni cha mzigo tu. Akasema ni cha nira. Watu wengi wanamfunga punda kwa nira ya ng'ombe. Ng'ombe wetu ana nundu, nira inaegemea hapo. Punda hana nundu. Yeye anavuta kwa kifua. Anatakiwa ukanda mpana wa kifuani, uliotandikwa blanketi kuukuu au gunia laini, usiwe waya wala kamba ya nailoni wala tairi tupu. Na mzigo wa mkokoteni ukae juu ya ekseli, usimlalie mgongoni. Mambo haya hayagharimu hela nyingi. Yanagharimu mtu kukaa chini na kufikiri kwamba huyu ni punda, si ng'ombe mdogo.

*Kisha tabia.* Hapa ndipo palipokuwa pagumu, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi ya nilivyofundishwa chuoni.

Mwili ulianza kupona ndani ya mwezi. Yeye hakuanza. Ukimgusa mgongo anang'ata. Akisikia mnyororo anaganda, hasogei mbele wala nyuma. Watu husema punda ni mkaidi. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa husimama, anatafakari. Sisi tukiona amesimama tunampiga, na yeye alisimama kwa sababu ya kupigwa. Kwa hiyo fimbo inatengeneza kile kile inachodai kukiponya. Na maumivu yake anayaficha. Punda anaweza kuwa mgonjwa mahututi na bado anasimama kimya anatafuna, ndiyo maana tunamwita mvumilivu tukamwongezea gunia.

Jioni moja nilitoka madrasa moja kwa moja kwenda bandani. Nilikuwa nimesahau kuweka bakora, iko mkononi. Punda aliponiona akaanza kutetemeka. Si masikio wala mkia, ni ngozi yote ya ubavuni. Akarudi nyuma mpaka ukutani. Mimi ambaye nilikuwa nimemlisha siku arobaini! Nilisimama pale kwa muda. Kilichonijia kichwani, ndugu zangu, haikuwa hadithi wala aya. Zilinijia nyuso za watoto wa mstari wa mbele ninapoingia darasani. Nimewahi kujivunia kwamba darasa langu nikiingia linakuwa kimya.

Suala la bakora madrasa tutalizungumza siku nyingine, na wazazi mkiwepo, kwa sababu nyinyi pia mnaniambia "Ustadh, mchape." Kwa leo niseme tu kwamba ile bakora imekaa kabatini tangu Shaabani, na juzuu amma zinahifadhiwa.

Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba bibi Aisha, Allah amridhie, alipanda ngamia msumbufu, akawa anamvutavuta huku na huku. Mtume (s.a.w.) akamwambia ashikamane na upole, na akamweleza kuwa upole haukai katika kitu ila hukipamba. Mnaona, hakuambiwa upole na watu. Aliambiwa akiwa juu ya mnyama mgumu, wakati ambao kila mmoja wetu angesema huyu haelewi lugha nyingine. Na katika Abu Daud kuna kisa cha ngamia katika shamba la mmoja wa Ansari. Alipomwona Mtume (s.a.w.) alilia, machozi yakamtoka. Mtume akamwendea, akampangusa nyuma ya masikio, akatulia. Ndipo akauliza, mwenye ngamia huyu ni nani? Kijana akajitokeza, naye akamwonya amche Allah kuhusu mnyama aliyemilikishwa, kwani amelalamika kwamba anamnyima chakula na kumchosha. Nimeisimulia mara nyingi, lakini mpangilio wake sikuwahi kuuona: alimtuliza mnyama kwanza. Kumuuliza mwenye kosa kulikuja baadaye.

Basi nikabadilisha njia. Nikawa naleta kigoda, nakaa mbali, namgeuzia ubavu, simtazami. Namurajii Qur'ani yangu, juzuu moja kila jioni, kwa sauti ya kawaida. Simwiti. Siku ya sita alisogea akanusa mguu wa kigoda. Siku ya tisa akanusa msahafu, nikauinua haraka! (Na mlioniuliza kuhusu kanzu: mate ya punda na jasho lake ni tohara, kwani katika madhehebu yetu kila mnyama aliye hai ni tohara isipokuwa mbwa na nguruwe. Kinyesi na mkojo ndivyo vya kuosha.) Baadaye mkono shingoni, kisha ukaondolewa kabla hajachoka nao. Baadaye kitambaa mgongoni. Baadaye kamba, imelegea. Kila hatua tukirudi nyuma mara mbili. Watoto wamempa jina Ufair, kwa sababu niliwasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa na punda wa jina hilo, akampakia nyuma yake Muadh bin Jabal, na ni juu ya mgongo wa punda yule ndipo Muadh alipofundishwa haki ya Allah juu ya waja na haki ya waja kwa Allah. Iko katika Bukhari. Mafundisho makubwa kama yale, na mahali pake ni mgongo wa punda.

Na sasa nifike kwenye lile linalonikosesha usingizi. Ukimdhulumu mtu, toba yako ina sharti la ziada: umrudishie haki yake, au umwombe akusamehe. Nikimdhulumu mnyama, nimwombe nani? Mwenye punda akinisamehe, amenisamehe haki yake ya mali. Ya punda mwenyewe je? Tunajua kutoka Sahihi Muslim kwamba siku ya Kiyama haki zitalipwa zote, mpaka mbuzi asiye na pembe alipiziwe kwa aliyekuwa na pembe. Kama mbuzi kwa mbuzi watalipana, mimi na yule punda tutasimamaje? Hana ulimi wa kusema "nimekusamehe, Ustadh." Kilichobaki mikononi mwangu ni kumlipa kwa sarafu anayoijua yeye: majani, maji, kivuli, kidonda kisichoguswa kabla ya wakati. Na kwa mwendo wake. Mimi nilitaka apone kabla ya Ramadhani ili nifunge roho yangu ikiwa nyepesi. Yeye hakuwa na habari na roho yangu.

Sasa namjibu muulizaji. Zaka haitolewi kwa punda. Mafungu yake ni manane, yametajwa katika Surat At-Tawba, na yote ni ya watu na haki zao. Fedha iliyochangwa kwa ujenzi nayo haiguswi, aliyetoa alitoa kwa ujenzi, na kamati ilikuwa sahihi kunikatalia nilipouliza. Majani yanakatwa bure, dawa nimelipa mimi na watu wanne waliojitolea wenyewe. Lakini tazama: mwenye punda, aliyepoteza kazi yake, yeye ni nani? Ni fakiri, fungu la kwanza kabisa. Kwake zaka inaruhusiwa, na ndivyo kamati ilivyofanya, ili watoto wake wale bila punda kufungwa nira kabla ya wakati. Kwa hiyo yule unayemwona anafuturu kwa uji mtupu na yule punda hawashindani. Mara nyingi wanalala kwenye kiwanja kimoja. Na kama kuna nyumba unayoijua ambayo hatujaifikia, nitumie jina usiku huu huu, faragha.

Wengine mmesema mambo ya kuhurumia wanyama ni ya Wazungu. Lamu, mji wa wanazuoni na wa maulidi, ambako punda hubeba mawe ya nyumba na misikiti na kushindana mbio siku za maulidi, kuna kituo cha kutibu punda tangu 1987. Kilianzishwa na shirika la Uingereza. Mimi hilo haliniudhi kwa sababu wao ni Waingereza. Linaniuma kwa sababu hadithi za mnyama aliyekondeana na mnyama aliyechomwa chapa usoni tulikuwa nazo sisi, kwenye makabati. Hata serikali yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mnyama au kumtwisha kupita kiasi ni kosa la kushitakiwa.

Nimeguswa pia na jambo jingine. Wakati wa Shaabani alikuja mtu na pikipiki, hakusema ametokea wapi, akataka kumnunua "hivyo hivyo alivyo." Nilimuuliza unamtakia nini punda mwenye kidonda? Akasema, "Ngozi." Mnaofuga mjihadhari. Ngozi za punda hutafutwa kwa ajili ya dawa ya asili ya Kichina inayotokana na kuzichemsha, na kwa biashara hiyo punda wameibwa na kuchinjwa Afrika nzima, mpaka viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana Addis Ababa Februari 2024 kuikataza. Punda jike hubeba mimba kiasi cha mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja. Hawazaani kama mbuzi. Mwanamke wa kijijini akipoteza punda, dumu linarudi kichwani kwake.

Katika Surat An-Nahl Allah anawataja wanyama wanaotubebea mizigo mpaka miji tusiyoweza kuifikia ila kwa taabu kubwa ya nafsi, kisha anawataja farasi, nyumbu na punda. Someni usiku huu aya ya 5 mpaka ya 8. Mtazame aya ile ya mizigo inamalizika kwa sifa zipi za Mola wetu.

Daktari alikuja Jumamosi. Kidonda kimefunga, ila ngozi bado ni nyembamba na nywele hazijaota. Hakuna mkokoteni mpaka ziote. Pengine Mfunguo Pili, pengine Tatu. Mwenyewe amekubali, na fundi seremala wetu anamtengenezea ukanda wa kifuani. Tangu Ramadhani ianze anakuja kila siku baada ya Alasiri, maana ndiye atakayeishi naye, si mimi. Siku za kwanza punda alikuwa akimwona yeye anakwenda kusimama kona ya mbali, anatazama ukuta. Mwenyewe anakaa kwenye kigoda changu, hasomi kwa sauti, anavuta tasbihi tu.

Jana, kama robo saa kabla ya Magharibi, Ufair aligeuka. Akaja hatua nne, akasimama. Hakufika. Mwenyewe hakumwita, wala hakunyoosha mkono. Walikaa hivyo mpaka adhana, ndipo akafungua kwa tende aliyokuwa nayo mfukoni.

Zamu ya majani: leo vijana wa Kiluvya, kesho Maili Moja, keshokutwa Picha ya Ndege. Majani yakauke kidogo kabla ya kuletwa. Maji yabadilishwe asubuhi na jioni. Na tafadhali, kwa mara nyingine, pumba msilete.

Wabillahi tawfiq.